Parkinson inapogusa kumbukumbu na fikra: mwongozo kwa wanaomhudumia mgonjwa nyumbani

Unamuuliza mzee swali, anakaa kimya. Unarudia kwa sauti ya juu zaidi, bado kimya. Umeshakata tamaa na kuanza kuongea na mtu mwingine, ndipo jibu linatoka, na ni jibu sahihi. Familia nyingi zinazoishi na mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa, zinalijua jambo hili. Wengine huliita uzee, wengine ukaidi, na wapo wanaosema mzee "hayupo tena". Yupo. Fikra zake zinakwenda polepole, na anayemhudumia akijua zinakwama wapi anaweza kumsaidia sana.

James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama. Matabibu waliamini hivyo kwa muda mrefu, na hadi leo wagonjwa wengi wakifika kliniki huulizwa habari za mikono na miguu tu. Lakini takriban robo ya wagonjwa huwa tayari na mabadiliko madogo ya kufikiri karibu na wakati ugonjwa unapogunduliwa. Kwa baadhi yao mabadiliko hayo hubaki madogo kwa miaka. Kwa wengine huongezeka mpaka kufikia dimenshia, yaani mtu hawezi tena kuendesha siku yake bila msaada kwa sababu ya akili, hata kama viungo vingemruhusu.

Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni kimoja: usiyakubali haraka maneno "ndiyo ugonjwa wenyewe". Mara nyingi juu ya ugonjwa huwa kumeongezeka kitu kingine kinachoweza kuondolewa, kama dawa isiyomfaa, maambukizi, choo kigumu, presha inayoshuka akisimama, au sonona ambayo hakuna aliyeiuliza. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata wazo hilo.

Hatua ya 1: Tambua kinachokwama

Parkinson hushambulia seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ndani kabisa ya ubongo. Wengi tumezoea kusikia kwamba dopamini ni ya kuendesha mwili, lakini maeneo inayoyahudumia yameungana na sehemu ya mbele ya ubongo, kule mambo yanakopangwa: nianze na lipi, nifuate lipi, niache lipi. Kadiri ugonjwa unavyosonga, asetilikolini, kemikali inayosaidia umakini, nayo hupungua. Ndiyo maana dalili za kwanza za akili katika Parkinson si lazima ziwe kule kusahau tulikokuzoea kwa wazee.

Kinachoonekana mapema ni uzito wa kufikiri na kuvurugika kwa mpangilio. Mama aliyepika pilau maisha yake yote anasimama jikoni, kila kitu kiko mbele yake, na hajui aanze na vitunguu au aloweke mchele kwanza. Viungo anavijua na ladha anaikumbuka. Kilichomponyoka ni mfuatano. Mzee mwenye duka anashindwa kuhesabu chenji huku mteja anamsemesha, ingawa akiachwa kimya hesabu anaipata. Kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine nako ni kazi: mazungumzo yakitoka msibani yakaingia shambani, yeye bado yuko msibani.

Macho yanaweza kuwa mazima na bado akakosea nafasi. Anamimina chai pembeni ya kikombe, anakalia ukingo wa kiti akidhani amefika katikati, anainua mguu juu sana kwenye kivuli akidhani ni ngazi. Maneno nayo huchelewa, hasa majina.

Kuhusu kumbukumbu, ipo tofauti inayofaa kujulikana. Katika ugonjwa wa Alzheimer jambo jipya mara nyingi halikuhifadhiwa kabisa, kwa hiyo hata ukimdokezea mgonjwa hulipati. Katika Parkinson, hasa miaka ya mwanzo, jambo limehifadhiwa ila halitoki lenyewe. Ghala limejaa, mwenye ufunguo ndiye anayechelewa. "Jana alikuja nani?" ni swali linaloweza kukosa jibu. "Jana alikuja mtu wa kanisani, akaleta ndizi" humfungua: "Ah, Mama Neema." Jaribu kudokeza hivi mara kadhaa kabla hujasema kumbukumbu yake imekufa.

Jambo jingine linalowaponza wagonjwa ni uso. Parkinson huufanya uso kuwa mkavu na sauti kuwa ndogo. Mtu anaweza kuwa anaelewa kila neno linalosemwa sebuleni, na uso wake usionyeshe chochote. Watu wakaanza kumjadili mbele yake, habari za ugonjwa wake, gharama zake, nani atakaa naye, kama vile hasikii. Anasikia. Linaumiza, na linafanya wengine waache kabisa kuongea.

Hatua ya 2: Anza daftari

Nunua daftari la kawaida la shule na uandike kila siku kwa wiki mbili kabla ya kwenda kliniki. Andika saa aliyokunywa kila dawa, saa aliyokula, usingizi ulikuwaje, amepata choo au la, na saa ambazo akili ilikuwa safi au ilivurugika. Usiandike "leo alikuwa vibaya". Andika alichofanya: "saa 10 jioni alimwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, saa 12, baada ya dawa, alikuwa sawa."

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hali ya akili katika Parkinson hupanda na kushuka, na dakika chache za kliniki zinaweza kuangukia saa nzuri. Mzee anayechanganyikiwa usiku kucha nyumbani anafika kwa daktari amevaa vizuri, anajibu salamu, anataja tarehe, na nyinyi mnaonekana mnatia chumvi. Daftari linaondoa ubishi. Pia linaonyesha kama uzito wa kufikiri unakuja kila mara dozi ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inapokuwa imeisha nguvu, na hilo daktari anaweza kulirekebisha kwa kubadili saa au kiasi.

Ukiwa na daftari, hakikisheni dozi za levodopa zinanywewa saa zile zile kila siku. Mlo mzito wa nyama, samaki, mayai au maharage hushindana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo wagonjwa wengi hunufaika wakimeza dawa nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Asiache kula vyakula hivyo. Ni suala la kutenganisha saa.

Hatua ya 3: Mabadiliko ya ghafla ni dharura

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa kila nyumba iijue kwa moyo. Parkinson huvuta akili polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa sawa Jumatatu, Jumatano hajui yuko wapi, anaweweseka, analala mchana kutwa au anapigana na watu asioonekana, hajazidiwa na Parkinson kwa siku mbili. Kuna kitu kimeingia. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, kukaukiwa maji, choo kilichokwama siku nyingi, au dawa mpya. Kuanguka na kugonga kichwa nako kunaweza kuvujisha damu taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikaja baada ya siku au wiki.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri homa ipande, kwa sababu mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usichemke. Chukueni dawa zake zote pamoja na daftari. Mkifika, semeni mambo matatu kwa sauti inayosikika. Kwanza, huyu ni mgonjwa wa Parkinson. Pili, levodopa yake isikatishwe na saa zake zifuatwe hata akilazwa, maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta ugumu wa mwili, homa kali na hata kifo. Tatu, akisumbua au akitapika asipewe haloperidol, chlorpromazine wala metoclopramide. Dawa hizo tatu huzuia dopamini, ile ile aliyopungukiwa. Zipo karibu kila wodi, na muuguzi mwenye nia njema kabisa anaweza kumchoma sindano usiku ili atulie, akaamka amekauka kama gogo. Andikeni majina hayo matatu kwenye kipande cha karatasi na mkibandike kwenye jalada la mgonjwa.

Hatua ya 4: Mwageni mfuko wa dawa mezani

Si za Parkinson tu. Za presha, za kisukari, za mafua, za usingizi, za mitishamba, zile alizopewa na jirani. Majina nitakayotaja nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili muweze kulinganisha.

Ya kwanza kutafuta ni benzhexol, inayoitwa pia trihexyphenidyl au Artane. Ni dawa ya zamani ya Parkinson, ni ya bei nafuu, inapatikana, na inapunguza kutetemeka kwelikweli. Ndiyo maana bado inaandikwa sana kwetu. Lakini kazi yake ni kuzuia asetilikolini, na nimeshasema kwamba asetilikolini tayari imepungua kwa mgonjwa huyu. Kwa mzee, au kwa yeyote ambaye kumbukumbu imeanza kuyumba, dawa hii inaweza kumtia ukungu kichwani, kumletea maruweruwe (kuona visivyokuwepo), kumkausha mdomo, kufunga choo na kuzuia mkojo. Wapo watu waliohesabiwa kuwa na dimenshia ambao ukungu wao ulipungua baada ya daktari kuiondoa. Ikiwa mzee wenu anaitumia na akili inasumbua, swali la kwanza kliniki liwe hilo. Msiiache wenyewe kwa siku moja. Hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa.

Zipo nyingine zinazofanya kazi kama hiyo bila kujitangaza. Piriton ya mafua na muwasho, Phenergan inayotumiwa na wengi kama dawa ya usingizi, amitriptyline ya maumivu ya neva, Buscopan ya tumbo, oxybutynin ya mkojo. Kidonge kimoja cha Piriton kinachouzwa duka la dawa bila hata kuulizwa umri kinaweza kumvuruga mzee wa Parkinson usiku mzima. Valium na jamaa zake, dawa za kutuliza, huongeza usingizi, kuanguka na kusahau. Tramadol ya maumivu nayo inahitaji tahadhari.

Dawa za kuongeza dopamini zenyewe zina upande wa pili. Pramipexole na ropinirole zinaweza kumletea mtu tamaa asiyoweza kuizuia, akaanza kubeti, kununua vitu ovyo, kula bila kipimo, au kutaka tendo la ndoa kupita kiasi. Mzee aliyekuwa mchumi anakuta fedha za simu zimeisha kwenye mikeka ya mpira, na familia inamwita mhuni. Muulizeni kwa faragha na kwa heshima, na mumwambie daktari bila kuona aibu, kwa sababu dozi ikipunguzwa mara nyingi tamaa hiyo nayo hupungua. Amantadine, dawa nyingine ya Parkinson, nayo inaweza kuleta maruweruwe.

Na upupu. Mbegu zake zina levodopa ya asili, na wapo wanaosaga unga wake na kumpa mgonjwa. Si uzushi kwamba una nguvu, na hapo ndipo penye hatari: ukiongezwa juu ya vidonge bila daktari kujua, mgonjwa anapata levodopa nyingi kupita kiasi, anaanza kuona watu wasiokuwepo, na mwili unajinyonganyonga wenyewe. Kama mnautumia, semeni.

Hatua ya 5: Kliniki, ombeni haya

Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache Afrika Mashariki, na walio wengi wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Kenyatta ya Nairobi. Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa hiyo huenda mtakayemwona ni daktari wa kawaida mwenye wagonjwa wengi mlangoni. Mengi ya msingi anaweza kuyafanya yeye.

Ombeni presha ipimwe akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ubongo unapungukiwa damu kila anaposimama, na anaweza kuonekana mzito na amepotea hasa asubuhi na baada ya kula. Dawa za presha huenda zinahitaji kupunguzwa. Ombeni pia kipimo cha damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 (hasa kama anatumia metformin ya kisukari, na levodopa yenyewe huhusishwa na upungufu wake), VVU na kaswende. Macho yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho, masikio yaangaliwe kama kuna nta. Mtu asiyeona vizuri na asiyesikia vizuri ataonekana hana akili hata akiwa nayo.

Sonona ni ya kawaida sana katika Parkinson. Inapunguza umakini na kumbukumbu, na inatibika. Ila itofautisheni na ukosefu wa msukumo, ambao pia huletwa na ugonjwa: mwenye sonona ana huzuni, analia, anasema heri afe, aliyekosa msukumo hana huzuni, ila hakuna kinachomsukuma kuanza. Huyu wa pili ndiye anayeitwa mvivu, na maneno ya "baba jitahidi basi" hayamfikii. Anahitaji mtu wa kuanza naye.

Kipimo cha akili kinachotumika sana duniani kwa Parkinson kina alama 30, na aliyepata chini ya 26 hutiliwa shaka. Anaombwa kunakili mchemraba, kuchora saa, kuunganisha herufi na namba. Bibi ambaye hakwenda shule atakifeli akiwa mzima kabisa. Lisemeni hilo. Kuna kipimo kilichoandaliwa kwa kuwafanyia kazi wazee wa Hai wenyewe, kinachojulikana kwa jina la IDEA, ambacho hakihitaji kalamu: mtu anapanga njiti za kiberiti, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo, anakumbuka orodha ya maneno kumi. Kwa wazee wetu wengi ni cha haki zaidi.

Baada ya yote hayo, kama dimenshia ipo kweli, dawa ipo, ingawa haiponyi. Rivastigmine huongeza asetilikolini. Marekani iliiruhusu rasmi kwa dimenshia ya Parkinson mwaka 2006. Donepezil hutumika pia. Msitegemee mzee arudi alivyokuwa miaka kumi iliyopita. Tegemeeni umakini zaidi kidogo, maruweruwe pungufu, siku nzuri zaidi. Kichefuchefu ni cha kawaida mwanzoni, kutetemeka kunaweza kuongezeka, na kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole au anayezimia, moyo upimwe kwanza. Bei ni kikwazo cha kweli, kwa hiyo ulizeni gharama ya mwezi mzima kabla hamjaanza, ili msiikatishe njiani.

Hatua ya 6: Badilisheni namna ya kuongea na kupanga siku

Ukiuliza swali, subiri. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yale yale, kwa sababu ukibadilisha maneno umempa swali jipya na ameanza upya. Zima redio. Kaa mbele yake anakokuona. Badala ya "unataka kula nini?" sema "ugali au wali?" Usimalizie sentensi zake isipokuwa amekuomba kwa macho. Na usimpime mbele ya wageni: "Huyu ni nani? Hebu mtaje." Mgeni ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo babu, mimi Juma, mtoto wa Asha wa Tanga." Kafunguliwa njia, na heshima yake imebaki.

Akitembea, asiongeleshwe. Ubongo wake hauwezi tena kugawa umakini kati ya miguu na maneno, na wengi huanguka wanapogeuka kumjibu mtu. Mwache afike, akae, ndipo muongee. Kadhalika asibebe kikombe cha chai huku anatembea.

Kazi zivunjwe vipande. Nguo zipangwe kitandani kwa mfuatano wa kuvaa, ya kwanza juu. Jikoni, mpe mama kipande kimoja cha upishi ambacho ni chake: achambue mchele, aonje chumvi, aamuru moto upunguzwe. Kumwondoa kabisa jikoni eti apumzike ni kumnyang'anya cheo chake. Vitu vikae mahali pamoja daima, miwani, kanzu, fimbo, na alamu ya simu ilie saa za dawa. Chakula cheupe kiwekwe kwenye sahani yenye rangi ili akione. Ukingo wa ngazi upakwe rangi inayong'aa.

Anayeswali anaweza kupoteza hesabu ya rakaa na jambo hilo likamsononesha kuliko dalili nyingine yoyote. Akiswali nyuma ya mtu, kijana wa nyumbani akawa imamu wake, hesabu haimuhusu tena. Ramadhani ikikaribia, ongeeni na daktari mapema, kisha na sheikh wenu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na dozi za mchana za levodopa hazifai kurukwa.

Hatua ya 7: Akianza kuona wasioonekana

Huanza kwa upole. Anahisi kuna mtu nyuma yake, au kitu kimepita pembeni ya jicho. Nguo iliyotundikwa inakuwa mtu, maua ya pazia yanakuwa nyuso. Baadaye anaona watoto wamekaa sakafuni, paka, au wageni wasiosema. Wengi hawasemi kwa kuogopa kuitwa vichaa, kwa hiyo muulizeni nyinyi, kwa kawaida tu: "Wapo wagonjwa wa Parkinson wanaoona vitu, wewe je?"

Najua kwetu jambo hili lina tafsiri zake. Litasemwa ni majini, ni mizimu, ni mkono wa jirani. Dua na maombi havimdhuru mgonjwa, na kama vinamtuliza, vifanyike. Kinachomdhuru ni kufungiwa, kupigwa, kufukizwa moshi kwenye chumba kisicho na hewa, kunyweshwa vitu visivyojulikana, na kuachishwa dawa zake. Maruweruwe haya yanatokana na ubongo wenye ugonjwa pamoja na dawa zake, na yana utaratibu wa kushughulikiwa.

Usibishane naye kwa ukali, wala usijifanye unaona. Sema: "Mimi siwaoni, lakini najua wewe unawaona. Hawatakudhuru, niko hapa." Washa taa, giza la jioni huzidisha. Ondoa nguo zilizotundikwa, funika kioo kinachomsumbua. Kama anajua si za kweli na hazimtishi, huenda hahitaji dawa yoyote, ila daktari ajue. Kama anaogopa, anashuku mkewe, anakataa chakula akisema kina sumu, nendeni mapema. Utaratibu mzuri ni kutafuta maambukizi kwanza, kisha kupunguza dawa zinazochochea, benzhexol ikiwa mbele, kisha kufikiria rivastigmine. Ikibidi dawa ya kutuliza, zinazofaa ni quetiapine kwa dozi ndogo au clozapine yenye kupimwa chembe nyeupe za damu mara kwa mara. Risperidone na olanzapine zikwepwe kama haloperidol.

Hatua ya 8: Mwili na watu

Mazoezi yanayomtoa jasho kidogo, kutembea kwa kasi yake karibu kila siku, husaidia mwili, usingizi na moyo wa mtu, na yana faida kwa fikra pia. Bao, drafti, karata, kuimba, kusimulia, vyote vinafaa mradi anavipenda. Mpelekeni barazani hata akikaa kimya.

Hatua ya 9: Karatasi na fedha, mapema

Utafiti wa Sydney, Australia, uliowafuata wagonjwa kwa miaka 20, ulikuta zaidi ya 8 kati ya kila 10 ya waliokuwa bado hai wana dimenshia. Wengi wao walikuwa wazee sana, na namba hiyo haimtabirii mzee wenu. Inatosha tu kuonyesha kwa nini wosia, hati za shamba na nyumba, jina la mrithi kwenye akaunti, na nani atamsemea hospitalini ni mambo ya kukaa naye sasa, akiwa anaelewa anachotia saini. Muulizeni yeye kwanza, kabla ya kikao cha ukoo. Nendeni kwa mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria mkiwa na barua ya daktari inayosema ana akili timamu. Itazuia ugomvi mkubwa baadaye.

Namba ya siri ya simu ijulikane na mtu mmoja anayeaminiwa na mzee mwenyewe, na kiasi kikubwa kisikae kwenye simu. Matapeli wanaopiga wakisema "fedha imetumwa kimakosa, irudishe" humpata kirahisi mtu ambaye fikra zake ni za polepole na mwenye aibu ya kusema hajaelewa. Kuendesha gari au pikipiki kusimamishwe mara tu anapoanza kukosea nafasi au kuchelewa kuitikia, na mwache daktari ndiye amwambie. Neno hilo likitoka kwa mtoto huleta chuki.

Mwisho, zamu. Mara nyingi mzigo wote unaangukia kwa mke, binti mmoja au mkwe, ambaye halali usiku na mchana anafanya kazi. Gawaneni usiku. Aliye mbali anayetuma fedha naye apangiwe wiki ya kuja, alale na mzee chumba kimoja, aone mwenyewe. Kabla ya kumwachia zamu mtu yeyote, hata kwa siku moja, aonyeshwe daftari, saa za dawa, karatasi ya dawa zilizokatazwa, na namba ya simu ya kupiga akiona mabadiliko ya ghafla.